Winston Churchill: Maisha ya kiongozi aliyeendesha vita kutoka chini ya ardhi

Chini ya jengo la serikali katikati ya London, mwendo wa dakika chache kutoka Bunge la Uingereza, kuna vyumba ambavyo saa zake zilisimama mwaka wa 1945. Ramani bado zimebandikwa ukutani. Simu za rangi mbalimbali zimepangwa mezani. Kitanda kidogo kimetandikwa, na kando yake ipo meza yenye vipaza sauti vya redio.

Humo ndimo Winston Churchill na washauri wake walimofanyia sehemu ya kazi ya kuiongoza Uingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Leo ni makumbusho yanayosimamiwa na taasisi ya Imperial War Museums, na huitwa Churchill War Rooms, yaani Vyumba vya Vita vya Churchill.

Kwa Waingereza wengi, huyu ndiye aliyeliokoa taifa. Kwetu Afrika Mashariki habari yake ina kurasa nyingine. Alipita Mombasa akiwa kijana, alisimamia makoloni wakati damu ilipomwagika Nairobi mwaka wa 1922, na alikuwa waziri mkuu hali ya hatari ilipotangazwa nchini Kenya mwaka wa 1952. Katika makala haya tunayafuata maisha yake yote, pande zote mbili.

Vyumba vilivyoachwa kama vilivyokuwa

Serikali ya Uingereza ilianza kutafuta mahali pa kujificha hata kabla ya vita. Katika miaka ya 1930, hofu kubwa ilikuwa mabomu ya ndege. Ghala la chini la jengo moja la ofisi za serikali likachaguliwa kwa sababu lilikuwa karibu na ofisi za wakubwa na jengo lenyewe lilikuwa imara. Vyumba vilianza kutumika tarehe 27 Agosti 1939, wiki moja tu kabla ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani.

Mabomu yalipoanza kunyesha London mwaka uliofuata, mafundi walimwaga juu ya vyumba hivyo tabaka la zege lenye vyuma, ambalo mahali pengine lilikuwa na unene wa takriban mita moja na nusu. Hata hivyo, wataalamu walijua kwamba bomu kubwa likiangukia hapo moja kwa moja, zege hilo huenda lisingefua dafu. Waliofanya kazi chini humo walikuwa salama kuliko wenzao wa juu, lakini hawakuwa na uhakika wa kuamka kesho.

Baraza la Vita, yaani mawaziri wachache waliokata mashauri makubwa, lilikutana humo mara 115. Chumba chenyewe ni kidogo. Meza zimepangwa kwa umbo la mraba, na wakuu wa jeshi la nchi kavu, jeshi la majini na jeshi la anga waliketi wakitazamana ana kwa ana na waziri mkuu. Mlangoni kuna taa mbili, nyekundu na ya kijani, za kuwajulisha waliomo kama juu kuna shambulio au kumetulia. Kiti cha Churchill ni cha mbao, na kwenye mikono yake kuna mikwaruzo ya kucha zake na ya pete aliyovaa kidoleni. Mikwaruzo hiyo inaeleza vikao vilivyokuwa kuliko picha yoyote rasmi.

Nje ya chumba hicho kulikuwa na jamii nzima ya watu wasiojulikana: wapiga chapa, makarani, walinzi, maafisa wa ramani, wengi wao wanawake vijana. Walifanya kazi kwa zamu, usiku na mchana, na ilikuwa marufuku kuwaambia hata wazazi wao walikokuwa wakienda. Kwa kuwa hawakuliona jua, walisimamishwa mbele ya taa maalumu ili miili yao isidhoofike. Ubao mmoja uliwaeleza hali ya hewa ya juu ilivyokuwa. Wakati wa mabomu, wafanyakazi waliandika hapo kwamba kuna upepo mkali, na wote walielewa utani huo.

Waliotaka kulala walishuka ngazi nyingine hadi orofa ya chini zaidi, ambako dari ni fupi kiasi cha kumlazimisha mtu kuinama, palikuwa na panya, na vyoo vilikuwa vya ndoo za dawa. Baadhi yao waliona ni heri kujaribu bahati yao juu, penye mabomu.

Churchill mwenyewe alitengewa chumba chenye kitanda na meza, lakini inaelezwa kwamba alilala humo usiku mara tatu tu. Alipendelea makao aliyoandaliwa juu yake katika jengo hilohilo, na mara nyingine alipanda hadi paani kuangalia mabomu yakianguka, jambo lililowatia walinzi wake wasiwasi mkubwa.

Mtoto wa kasri aliyewakosa wazazi

Ndani ya makumbusho kuna sehemu inayosimulia maisha yake yote, iliyofunguliwa mwaka wa 2005. Mgeni hukutana kwanza na Churchill wa mwaka wa 1940, kisha baadaye ndipo hurudishwa nyuma hadi kuzaliwa kwake. Nasi tufuate njia hiyo.

Winston Leonard Spencer Churchill alizaliwa tarehe 30 Novemba 1874 katika kasri la Blenheim, mkoani Oxfordshire. Babu yake alikuwa na cheo cha duke. Baba yake, Lord Randolph Churchill, alikuwa mwanasiasa aliyewahi kuwa waziri wa fedha. Mama yake, Jennie Jerome, alikuwa Mmarekani, binti wa tajiri wa New York.

Utajiri wa ukoo haukumpa malezi ya karibu. Wazazi walikuwa na shughuli zao, na mtoto alilelewa na yaya, Elizabeth Everest, ambaye alimpenda kama mama. Yaya huyo alipofariki mwaka wa 1895, Churchill alikuwa pembeni mwa kitanda chake, na picha yake aliitunza hadi uzeeni.

Shuleni Harrow hakung'ara. Alipenda historia na lugha ya Kiingereza, lakini masomo mengine yalimshinda. Mtihani wa kuingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst aliufaulu katika jaribio la tatu. Baba yake, aliyemwona kama kijana asiye na mwelekeo, alifariki tarehe 24 Januari 1895 bila kuona mwanawe amekuwa nani.

Mwandishi wa vita aliyetoroka Pretoria

Churchill aliingia jeshini kama afisa wa wapanda farasi. Mshahara ulikuwa mdogo na matumizi yake makubwa, hivyo akagundua njia ya kujipatia fedha na jina kwa pamoja: kwenda vitani na kuandika habari zake magazetini. Alikwenda Cuba, kisha mpaka wa kaskazini magharibi wa India, kisha Sudan, ambako mwaka wa 1898 alishiriki katika vita vya Omdurman. Huko bunduki za kisasa za Waingereza na Wamisri ziliwaua maelfu ya wapiganaji wa Mahdi katika asubuhi moja.

Mwaka wa 1899 alikwenda Afrika Kusini kama mwandishi wa habari kuripoti vita kati ya Waingereza na Makaburu. Mwezi Novemba, garimoshi la kijeshi alimosafiri lilishambuliwa huko Natal, naye akatekwa na kufungwa Pretoria. Mwezi Desemba aliruka ukuta usiku na kutoroka, bila ramani na bila kujua lugha ya wenyeji. Alidandia garimoshi la mizigo, akafichwa ndani ya mgodi wa makaa ya mawe na meneja Mwingereza, kisha akavushwa akiwa amejificha katikati ya marobota ya sufu hadi Lourenço Marques, mji tunaouita leo Maputo.

Habari hiyo ilimfanya maarufu nchini kwao. Mwaka wa 1900, akiwa na umri wa miaka 25, alichaguliwa kuwa mbunge wa Oldham kwa tiketi ya chama cha Conservative. Miaka minne baadaye alihamia chama cha Liberal. Wenzake wengi walimwona kigeugeu, na sifa hiyo ilimfuata miaka mingi, hasa kwa sababu baadaye alirudi tena Conservative.

Kutoka Mombasa hadi Jinja, mwaka wa 1907

Akiwa naibu waziri wa makoloni, Churchill aliteremka Mombasa mwishoni mwa Oktoba 1907. Reli ya Uganda ilikuwa na miaka michache tu tangu kukamilika. Alisafiri kuelekea bara akiwa ameketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya kichwa cha garimoshi ili aone mbuga na wanyama vizuri, na mara kwa mara alishuka kuwinda.

Nairobi ulikuwa mji mchanga wa mabati, lakini ugomvi wake ulikuwa umeshakomaa. Walowezi Wazungu walitaka nyanda za juu ziwe zao peke yao. Wahindi, ambao wengi wao walikuja kujenga reli au kufanya biashara, walidai haki ya kuishi na kumiliki ardhi. Waafrika, wenye nchi, hawakuulizwa. Churchill aliona kwamba Wahindi walikuwa na hoja ya haki. Kuhusu Waafrika, aliandika kama walivyoandika wengi wa tabaka lake: aliwaona kama watoto wanaohitaji kuongozwa, na hakuwa na shaka kwamba kiongozi anayefaa ni Mwingereza.

Kutoka Kisumu alivuka ziwa hadi Entebbe na Kampala, akakutana na Kabaka Daudi Chwa, wakati huo mtoto wa miaka 11. Uganda ilimvutia kuliko mahali pengine popote katika safari hiyo, na kitabu alichokichapisha mwaka wa 1908, My African Journey, kilisaidia kulieneza jina la nchi hiyo kama lulu ya Afrika. Huko Jinja alitazama maporomoko ya mto Nile unapotoka ziwani na kuwaza juu ya nguvu iliyokuwa ikipotea bure. Bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka wa 1954, Churchill akiwa waziri mkuu.

Gallipoli, na risasi za Nairobi

Mwaka wa 1908 alimwoa Clementine Hozier. Walijaliwa watoto watano, mmoja wao, Marigold, akafariki kabla hajatimiza miaka mitatu. Clementine alikuwa mtu wa pekee aliyeweza kumwambia ukweli mchungu. Mwaka wa 1940 alimwandikia barua kumwonya kwamba amekuwa mkali mno kwa wasaidizi wake.

Kisiasa alipanda haraka. Mwaka wa 1911 alikabidhiwa jeshi la majini, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta hapo. Mwaka wa 1915 alisukuma mpango wa kuishambulia Uturuki kupitia mlango wa bahari wa Dardanelles. Mashambulizi ya Gallipoli yaliyofuata yalikwama, makumi ya maelfu ya askari wakafa, na lawama nyingi zikamwangukia. Aliondolewa wadhifa huo, akavaa sare na kwenda kuongoza kikosi kwenye mahandaki ya Ubelgiji.

Alirudi serikalini mwaka wa 1917, na kuanzia 1921 hadi 1922 alikuwa waziri wa makoloni. Kipindi hiki hakisimuliwi sana London, lakini Nairobi kina kumbukumbu yake. Mwezi Januari 1922 Churchill alitangaza mbele ya wageni wa karamu moja London kwamba nyanda za juu za Kenya zitabaki za walowezi Wazungu. Haki ile aliyoiona mwaka wa 1907 ilikuwa imesahaulika.

Mwezi Machi mwaka huohuo, serikali ya koloni ilimkamata Harry Thuku, kijana aliyewaongoza watu kupinga kipande na kazi za lazima. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, aliwatia moyo wanaume waliokuwa wakisita. Polisi walifyatua risasi, na kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 21 waliuawa, Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Thuku alipelekwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani.

Churchill hakuwapo Nairobi wala si yeye aliyetoa amri ya kufyatua. Lakini koloni lilikuwa chini ya wizara yake.

Miaka ya 1930 alikuwa nje ya serikali. Alipinga vikali mpango wa kuwapa Wahindi kiasi cha kujitawala, na kwa hilo aliachwa nyuma hata na wenzake chamani. Hata hivyo, katika jambo moja aliona mbali kuliko wengi. Tangu Adolf Hitler aingie madarakani mwaka wa 1933, Churchill alisimama bungeni mara kwa mara akionya kwamba Ujerumani inajenga jeshi na Uingereza imelala. Wengi walimchoka. Vita vilipoanza mwaka wa 1939, ilibidi arudishwe kwenye jeshi la majini.

Mei 1940

Tarehe 10 Mei 1940, siku ambayo majeshi ya Ujerumani yalivamia Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa, Churchill alikuwa waziri mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 65. Muda mfupi baadaye aliingia chumba cha baraza chini ya ardhi na kusema kwamba hapo ndipo atakapoongozea vita.

Lakini uamuzi mkubwa kuliko yote wa maisha yake ulifanyika juu ya ardhi. Mwishoni mwa Mei, jeshi la Uingereza lilikuwa limezingirwa Dunkirk na Ufaransa ilikuwa inaporomoka. Waziri wa mambo ya nje, Lord Halifax, alitaka ichunguzwe njia ya kupata amani kupitia Italia. Halifax hakuwa msaliti. Aliona hesabu zinakataa, na alitaka kuokoa kilichoweza kuokolewa.

Churchill aliamini kwamba nchi ikishaketi kwenye meza ya mazungumzo ikiwa imeshindwa, haiinuki tena ikiwa huru. Baada ya siku tatu za mabishano, tarehe 28 Mei aliwaita mawaziri wengine waliokuwa nje ya Baraza la Vita, akawaeleza hali bila kuficha, na wakamuunga mkono. Hoja ya mazungumzo ikafa. Siku chache baadaye zaidi ya askari 338,000 wa Uingereza na washirika wake walikuwa wameokolewa Dunkirk kwa meli za kivita, vivuko na mashua za wavuvi.

Sauti kutoka chumba cha kulala

Kwa sisi tunaokula mkate wa redio, pengine chumba kinachogusa zaidi ni kile cha kulala, kwa sababu ya vipaza sauti vilivyo mezani. Churchill alitoa humo hotuba nne za redio, ya kwanza tarehe 11 Septemba 1940, siku chache baada ya Ujerumani kuanza kuipiga London usiku baada ya usiku. Aliwaambia wananchi kwamba huenda adui akavamia kisiwa chao wakati wowote.

Hakuwa na sauti ya kuzaliwa ya mtangazaji. Matamshi yake ya herufi s yalikuwa na kasoro, na katika ujana alitafuta daktari kwa ajili ya hilo. Alichokuwa nacho ni maandalizi. Alitamka hotuba huku akitembea chumbani, mpiga chapa akiandika, kisha akaisahihisha tena na tena. Nakala ya mwisho ilipigwa chapa kwa mistari mifupi kama shairi, ili ajue wapi avute pumzi na wapi anyamaze. Alichagua maneno mafupi ambayo mtu wa bandarini na mtu wa ofisini waliyaelewa sawasawa. Na hakuwadanganya wasikilizaji kwamba mambo ni mazuri. Mabomu ya miezi ile, hadi Mei 1941, yaliua zaidi ya raia 40,000 nchini Uingereza.

Kuna chumba kingine kidogo ambacho wafanyakazi walidhani ni choo cha waziri mkuu. Kumbe ilikuwa simu ya siri ya kuzungumzia na rais wa Marekani, Franklin Roosevelt. Mtambo wa kuivuruga sauti ili adui asiielewe ulikuwa mkubwa mno kuingia humo, ukawekwa chini ya duka la Selfridges katika barabara ya Oxford.

Ramani yenye matundu ya pini

Chumba cha Ramani hakikulala tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Maafisa wa majeshi yote matatu walipokea habari, wakasogeza pini na nyuzi, na kila asubuhi wakaandaa taarifa kwa mfalme, waziri mkuu na wakuu wa majeshi. Ramani kubwa ya bahari ya Atlantiki imejaa matundu. Kila pini ilikuwa msafara wa meli uliobeba chakula, mafuta na watu, na nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizisaka meli hizo.

Kazi ilipoisha tarehe 16 Agosti 1945, siku moja baada ya Japani kutangaza kusalimu amri, taa zilizimwa na watu wakaenda zao. Miaka mingi baadaye, ndani ya droo ya meza moja, ilipatikana bahasha yenye vipande vitatu vya sukari, mgawo wa afisa mmoja aliyekuwa akiutunza. Sukari ilikuwa ya kupimiwa wakati huo. Wageni wengi husahau majina ya majenerali, lakini sukari hiyo hawaisahau.

Pini kama hizo zinatuhusu. Mwezi Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka bandari ya Kilindini kuelekea Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ikiwa na askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Waliokufa walikaribia 1,300. Familia nyingi za bara hazikuwa na kaburi la kwenda kuwekea shada.

Vita vya nani, uhuru wa nani?

Mamia ya maelfu ya wanaume wa Afrika Mashariki waliingizwa jeshini katika vita hivyo. Askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya, walipigana na Waitaliano Ethiopia, wakaenda Madagascar mwaka wa 1942, kisha msituni Burma mwaka wa 1944 na 1945, katika bonde la Kabaw ambako mvua na malaria viliua kama risasi. Wasikilizaji wetu bado hupiga simu wakisimulia babu aliyerudi kutoka Burma na hakutaka kuzungumzia aliyoyaona.

Waliambiwa wanapigania uhuru. Mwezi Agosti 1941 Churchill na Roosevelt walitangaza Mkataba wa Atlantiki, uliotambua haki ya watu kuchagua serikali yao. Wasomi wa Afrika na Asia waliusoma kwa matumaini. Mwezi uliofuata Churchill alilieleza Bunge kwamba kifungu hicho kililenga mataifa ya Ulaya yaliyotekwa na Hitler, na kwamba makoloni ni suala jingine. Mtu aliyekataa kata kata kutawaliwa na Ujerumani hakuona mgongano wowote katika kuwatawala wengine.

India ililipa gharama nzito zaidi. Mwaka wa 1943 njaa iliikumba Bengal, na wanahistoria wengi hukadiria kwamba watu wapatao milioni tatu walikufa kwa njaa na magonjwa. Sababu zilikuwa nyingi: Burma ilikuwa imetekwa na Wajapani, kimbunga kiliharibu mavuno, bei zilipaa na wafanyabiashara wakaficha nafaka. Lakini serikali ya Churchill iliombwa meli za chakula na ikatoa kidogo kuliko ilivyoombwa, ikitanguliza mahitaji ya vita. Wanahistoria wanabishana hadi leo juu ya kiasi cha lawama kinachomstahili yeye binafsi.

Ushindi, kushindwa na kurudi

Ujerumani ilisalimu amri mwezi Mei 1945. Umati ulimshangilia Churchill barabarani. Miezi miwili baadaye, wapiga kura walimwondoa. Walimheshimu kama mtu wa vita, ila kwa wakati wa amani walitaka nyumba, ajira na matibabu, na chama cha Labour cha Clement Attlee ndicho kilichoahidi hayo. Churchill aliumia, lakini alikubali matokeo na kuondoka. Ni jambo la kawaida likisomwa haraka. Ukilifikiria, si viongozi wengi walioshinda vita na kisha wakatii karatasi za kura.

Alirudi madarakani Oktoba 1951, akiwa na karibu miaka 77. Mwezi Februari 1952 Mfalme George wa Sita alifariki wakati binti yake, Elizabeth, akiwa ziarani Kenya, na Churchill ndiye waziri mkuu aliyempokea uwanja wa ndege wa London akirudi akiwa malkia.

Tarehe 20 Oktoba mwaka huo, gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya kukabiliana na Mau Mau. Jomo Kenyatta na wenzake walikamatwa, wakashtakiwa Kapenguria, na mwezi Aprili 1953 Kenyatta akahukumiwa miaka saba ya kifungo na kazi ngumu. Mwezi Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, makumi ya maelfu ya watu walizolewa Nairobi na kupelekwa kambini. Kufikia mwisho wa hali ya hatari, zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamenyongwa kwa hukumu za mahakama. Sehemu kubwa ya hayo ilitendeka Churchill akiwa madarakani. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya kambini na kukubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9.

Mwaka wa 1953 Churchill alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi kwa vitabu vyake vya historia na hotuba zake. Mwaka huohuo alipigwa na kiharusi kikali, na wasaidizi wake wakauficha umma ukweli. Alistaafu Aprili 1955. Muda uliobaki aliutumia kuandika na kuchora. Aliacha michoro ya rangi zaidi ya 500.

Alifariki tarehe 24 Januari 1965 akiwa na miaka 90, tarehe ileile aliyofariki baba yake miaka 70 kabla. Alifanyiwa mazishi ya kitaifa katika kanisa la Mtakatifu Paulo, kisha akazikwa kijijini Bladon, karibu na kasri alimozaliwa.

Kuyatazama makumbusho kwa macho yetu

Vyumba vya chini ya ardhi vilifunguliwa rasmi kwa umma mwaka wa 1984 na Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati huo. Kila mwaka watu wengi hushuka ngazi zile, wakiwemo wanafunzi na wageni kutoka kwetu. Wanaokwenda kumwona shujaa humwona, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwaka wa 1940, wakati wenye akili na uzoefu walipoona ni heri kuafikiana na Hitler, yeye alikataa, na ulimwengu ungekuwa mwingine kama angekubali.

Lakini mgeni kutoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ana haki ya kutafuta na yale mengine. Akisimama mbele ya ramani zenye matundu, amkumbuke Keya wa Burma. Huko Taukkyan, kaskazini mwa Yangon, kuna makaburi ya vita ambamo wamelazwa pia askari kutoka Afrika, na ukumbusho wenye majina karibu 27,000 ya wasiojulikana walipozikwa. Na akikiona kiti chenye mikwaruzo, ajue kwamba maamuzi ya mtu aliyeketi hapo yalifika hadi Bengal na hadi vijijini kwetu, kwa watu ambao hawakuwa na kura ya kumchagua wala ya kumwondoa.